Faundesheni ya Kijiti kwa Uso wa Kila Siku: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Namba Hadi Kunawa Usiku

Mdogo wangu hutoka nyumbani kwake Mbagala saa kumi na mbili kasorobo alfajiri ili awahi kazini mjini, na kati ya kumaliza kuoga na kufunga mlango huwa na dakika chache tu mbele ya kioo. Kwa miaka mingi alitumia faundesheni ya maji, ile ya chupa, akajipaka uso mzima na kumalizia kwa poda nyingi, na ilipofika saa nne asubuhi jasho la Dar es Salaam lilikuwa limeshachora michirizi mashavuni na ukosi wa blauzi umeshageuka rangi. Nilimpa kijiti kimoja, nikamwomba akitumie sehemu nne tu za uso na asiguse kwingine. Siku hiyo wenzake walimwambia amelala vizuri, na hakuna aliyemuuliza amejipaka nini.

Nimepamba watu kwa zaidi ya miaka kumi, maharusi na mama zao, wahitimu na wasomaji wa habari, na hadi leo naumia ninapoona ngozi nzuri imefukiwa. Mapambo ya harusi yana mambo yake, kwa sababu yanapaswa kuonekana kutoka ukumbini na kwenye kamera. Mapambo ya kila siku yana kazi ndogo zaidi: kutuliza doa, weusi wa chini ya macho na wekundu wa pembeni mwa pua, kisha kuiacha ngozi iliyobaki ionekane kama ilivyo. Kwa kazi hiyo kijiti kinafaa kuliko chupa, kwa sharti kwamba kitumike kidogo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maelezo ya namna ya kukitumia kidogo.

Kijiti kimetengenezwa na nini

Faundesheni ya kijiti ni mchanganyiko wa nta, mafuta au silikoni, na unga wa rangi, uliomiminwa ukiwa moto ndani ya kalibu na kuachwa ugande. Nta hukipa umbo na mafuta hukifanya kiteleze juu ya ngozi, ilhali rangi hutokana hasa na oksidi za chuma, yaani ya manjano, nyekundu na nyeusi, pamoja na titani dioksidi ambayo ni nyeupe. Kwa kuwa maji hayamo au ni machache mno, rangi yake imesongamana sana, na ndiyo maana kijiti chenye uzito wa gramu 7 hadi 14, ambao ndio uzito wa vijiti vingi, hudumu muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia anapokiona kidogo mkononi.

Uzito huo wa rangi una historia yake. Kampuni ya Max Factor ya Hollywood ilitengeneza Pan-Cake katika miaka ya 1930 kwa ajili ya nyuso za waigizaji wa filamu za rangi, na katika miaka ya 1940 ikaleta Pan-Stik, kijiti kilichozungushwa kutoka kwenye kibweta chake kama lipstiki. Kipodozi cha namna hiyo kilizaliwa kustahimili taa kali za studio. Vijiti vya leo ni vyepesi zaidi, lakini bado vina nguvu ya kufunika kuliko faundesheni nyingi za maji, na anayekipaka kama losheni, kwa mistari minene uso mzima, anajipamba kwa ajili ya taa ambazo hazipo ofisini wala sokoni.

Kabla ya kununua, ijue ngozi yako. Nawa uso kwa sabuni laini, usipake kitu, kisha ujitazame baada ya saa moja. Ngozi inayong'aa kila mahali ni ya mafuta, inayovuta na kukakamaa ni kavu, na ile inayong'aa pajini na puani huku mashavu yakiwa makavu ni mchanganyiko, hali iliyo ya kawaida kwa watu wengi. Mwenye ngozi kavu atafute kijiti kinachoacha umande kidogo. Mwenye ngozi ya mafuta atafute kile ambacho kikishatulia huacha hali ya unga, na mara nyingi sanduku litasema kwamba hakina mafuta au kwamba hakiachi mng'ao.

Kuchagua namba

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika, na hakuna brashi wala poda itakayookoa namba isiyo yako. Namba ni kiwango cha rangi kilichoandikwa kwenye kijiti: ya chini ni nyeupe zaidi, ya juu ni nyeusi zaidi.

Usijaribu faundesheni kwenye kiganja au sehemu ya ndani ya mkono, kwa sababu huko jua halifiki na rangi yake si ya uso. Chora mistari mitatu myembamba kuanzia chini ya shavu, kupita juu ya taya, hadi mwanzo wa shingo: mmoja wa namba unayodhani ni yako, mwingine wa namba iliyo chini yake, na wa tatu wa namba iliyo juu yake. Kisha toka nje ya duka. Simama kivulini mchana, utazame kwa kioo kidogo au umwombe mwenzako atazame, na mstari unaopotea ndio wako. Usilipe bado. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, kwa kuwa faundesheni nyingi hubadilika kidogo na kuwa nyeusi au nyekundu zaidi zikichanganyika na mafuta ya ngozi na kukutana na hewa, na mstari uliopotea mwanzoni unaweza kujitokeza tena.

Nasisitiza suala la kutoka nje kwa sababu liliwahi kunigharimu. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilinunua kijiti katika duka moja lenye taa nyeupe za mirija, nikakipaka siku ya kicheni pati ya binamu yangu, na ndani ya ukumbi nilijiona sawa kabisa. Picha zilipotoka, uso wangu ulikuwa wa kijivu na shingo ya kahawia, kana kwamba ni watu wawili. Namba ilikuwa ya chini kuliko ngozi yangu, na rangi nyeupe iliyokuwemo ilirudisha mwanga wa kamera. Binamu ameweka picha hiyo sebuleni kwake, na kila nikipita nauona ule mstari wa tayani.

Zaidi ya weusi au weupe wa namba, tazama rangi iliyo chini ya ngozi. Watu wawili wanaweza kulingana kwa weusi lakini mmoja akaelekea kwenye manjano na mwingine kwenye wekundu, na wapo wa katikati. Shikilia kitambaa cheupe kabisa karibu na uso mchana, na utaona ngozi yako inaegemea wapi. Ngozi nyingi za kwetu huelekea kwenye dhahabu au wekundu wa udongo, na kijiti chenye uwaridi mwingi huzifanya zipauke hata kama weusi wake umelingana. Ukiona uso umekuwa kama uliopakwa majivu, sababu mara nyingi ni mojawapo kati ya hizi: namba ni ya chini mno, uwaridi umezidi, au poda uliyomalizia ni nyeupe kuliko ngozi.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Uso wa Mwafrika mara nyingi hauna rangi moja. Paji la uso na pembeni mwa mdomo huwa nyeusi kuliko mashavu, na hiyo si kasoro. Anayechagua namba ya mashavu na kuipaka pajini atapata paji la kijivu. Chagua namba inayoafikiana na sehemu ya chini ya shavu na shingo, uitumie katikati ya uso, na paji uliache kama lilivyo. Kama ni lazima ulisawazishe, nunua kijiti cha pili chenye namba ya juu yake, na viwili hivyo vitakufaa mwaka mzima, maana katika miezi ya jua kali ngozi hubadilika.

Zamani visingizio vya kutopata namba vilikuwa na ukweli. Wanawake weusi walihangaika hadi makampuni yalipoanza kuwatengenezea wao hasa: Fashion Fair ya Marekani ilianza 1973, Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha vipodozi vyake 1994, na mwaka 2017 Fenty Beauty ilipoingia sokoni na namba 40 kwa mpigo, makampuni mengine yalilazimika kupanua orodha zao. Leo ukikosa namba yako katika duka moja, toka uende la pili. Usikubali kuambiwa kwamba hii iliyopungua kidogo itakupendeza kwa sababu itakung'arisha.

Kuhusu bidhaa bandia, hadhari inahitajika zaidi kwenye masoko makubwa kama Kariakoo, ambako kijiti halisi na cha bandia vinaweza kukaa kwenye kabati moja. Tazama kama sanduku lina namba ya toleo na kama imerudiwa kwenye kibweta chenyewe. Soma maandishi, kwa maana makosa ya tahajia ni dalili mbaya, kisha ukinuse. Kijiti kinachonuka mafuta ya taa au rangi ya ukuta kirudishe hapo hapo. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na Kenya kazi ya viwango iko chini ya KEBS, hivyo una haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa yake imesajiliwa.

Ngozi kabla ya kijiti

Nta haifichi ngozi iliyokauka, huiandika. Kila gamba dogo pembeni mwa pua litaonekana kama limechorwa kwa kalamu. Nawa uso, na wakati ngozi ina unyevunyevu bado, paka losheni nyepesi au jeli ya kulainisha, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Mwenye ngozi ya mafuta naye apake, kwa kuwa ngozi iliyonyimwa unyevu hunyonya faundesheni kwa mabaka.

Fuatisha losheni ya kukinga jua. Wengi huniambia kwamba kijiti chao kimeandikwa SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, 15 au zaidi, hivyo hawahitaji kitu kingine. Kipimo hicho hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na hakuna anayepaka faundesheni nyingi kiasi hicho; akifanya hivyo atakuwa amevaa kinyago. Paka losheni ya jua kwa urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Oksidi za chuma zilizomo kwenye kijiti zina faida yake ya pembeni, kwa kuwa huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana kwa macho, mwanga ambao huchochea madoa meusi kwenye ngozi zetu, lakini msaada huo hauchukui nafasi ya losheni.

Sasa subiri. Dakika tatu hadi tano zinatosha, na unaweza kuzitumia kuvaa au kunywa chai. Ukiharakisha, losheni na nta vitagombana, na uso utaanza kutoa vipande vidogo vilivyojikunja kama mabaki ya kifutio cha penseli. Vikitokea hata baada ya kusubiri, basi losheni hiyo na kijiti hicho havielewani, hasa pale kimoja kinapokuwa na silikoni nyingi na kingine maji mengi, na dawa yake ni kubadilisha kimojawapo.

Kupaka, hatua kwa hatua

Simama mbele ya dirisha, uso ukiielekea nuru. Taa ya bafuni huonyesha vivuli ambavyo mtu barabarani hatavikuta, na ukivifuata utapaka mara mbili ya unachohitaji.

Hatua ya kwanza ni kukipasha kijiti joto. Kizungushe kitokeze milimita chache tu, kwani kikitokeza sana kitakatika, kisha kipitishe mara tatu nyuma ya kiganja. Nta italainika, na utapata akiba ndogo ya rangi mkononi ambayo utaichota baadaye kwa kidole au brashi.

Hatua ya pili ni kuweka rangi, na hapa ujizuie. Mstari mfupi, wa urefu wa ukucha, kila upande wa pua. Mwingine kwenye kidevu. Na mwingine mdogo kila upande wa mdomo ikiwa huko kuna weusi. Basi. Mashavu ya nje, taya na paji la uso usiyaguse. Chini ya macho usipitishe kijiti chenyewe, kwa kuwa ngozi ya pale ni nyembamba na nta nzito hukusanyika kwenye mikunjo. Chukua rangi kidogo kutoka nyuma ya kiganja kwa kidole cha pete, ambacho kwa kawaida ndicho chenye nguvu ndogo, na uigonge taratibu karibu na kona ya ndani ya jicho, mahali ambapo weusi huwa mwingi.

Hatua ya tatu ni kusambaza, sehemu moja baada ya nyingine. Usimalize mistari yote ndipo uanze kusambaza, kwa maana nta hutulia upesi na mstari wa kwanza utakuwa umeshashika. Weka upande wa kushoto wa pua, sambaza. Hamia wa kulia, sambaza. Kisha shuka kidevuni.

Kifaa cha kusambazia ni kidole, brashi au sponji, na nina upande wangu katika hili. Kwa siku ya kazi kidole ndicho bora. Joto lake huyeyusha nta na kuifanya ishikamane na ngozi, hakihitaji kununuliwa, na kinahisi mahali palipojaa mno. Osha mikono kwanza, kisha gonga kwa ncha ya kidole badala ya kusugua, kwa kuwa kusugua huihamisha rangi kutoka pale ulipoitaka. Brashi ndogo iliyosongamana nywele inafaa kwa mwenye vinyweleo vilivyofunguka, ukiizungusha kwa mizunguko midogo sana. Sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoshe hata tone hupunguza rangi, hivyo itumie pale unapogundua umezidisha.

Kingo ndizo zinazoumbua. Katikati ya rangi unaweza kuacha ilivyo, lakini ukingo wake, pale rangi inapokutana na ngozi tupu, uugonge hadi usiweze kuonyesha kwa kidole inaishia wapi.

Hatua ya nne ni doa moja moja, na nitaieleza kwa utaratibu kwa sababu wengi hukosea hapa. Chukua doa jeusi lililoachwa na chunusi shavuni. Ukilipitishia kijiti na kusugua, rangi itakwenda pembeni na doa litabaki wazi katikati ya duara la faundesheni. Badala yake chovya ncha ya brashi ndogo, hata ya kupakia wanja wa maji ikiwa safi, kwenye akiba iliyo nyuma ya kiganja, na uweke nukta moja juu ya doa, kubwa kidogo tu kulizidi. Iache kwa nusu dakika. Rangi itaanza kunata. Ndipo kwa ncha ya kidole ugonge ukingo wa nukta, ukizunguka, bila kugusa katikati, hadi ukingo upotee. Doa litakuwa limetulia, na ngozi inayolizunguka haina kitu. Kama bado unaliona kwa mbali, liache. Mtu anayezungumza nawe akiwa hatua mbili hataliona. Kwa chunusi iliyo mbichi, usiiguse kamwe kwa kijiti chenyewe, kwani utabeba bakteria kutoka kwenye chunusi hadi kwenye kijiti na kesho uwasambaze uso mzima.

Sasa rudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kioo. Mtu hujihukumu akiwa karibu na kioo kwa kiasi cha kuweka ukungu kwa pumzi yake, umbali ambao hakuna binadamu mwingine atamtazama nao isipokuwa mwanawe mchanga. Kama ukiwa umbali wa mkono uso umetulia, kazi ya kijiti imekwisha.

Hatua ya tano ni poda, nayo si ya lazima. Mwenye ngozi kavu aiache. Mwenye ngozi ya mafuta achukue poda isiyo na rangi au inayolingana na ngozi yake, aikung'ute brashi, na aibonyeze pembeni mwa pua, katikati ya paji na kidevuni tu. Mashavu yakibaki na mng'ao wake wa asili, uso utaonekana hai. Poda nyeupe sana, hasa zenye madini ya silika kwa wingi, ziepuke siku utakayopigwa picha.

Nyusi, wanja na mdomo vitachukua muda uliobaki. Nukta ya lipstiki ya rangi ya tunda la zambarau au ya matofali, ikigongwa kwa kidole juu ya shavu kabla ya poda, huzuia uso uliosawazishwa usionekane bapa.

Joto, mtandio na udhu

Kwenye mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, miezi ya joto la kaskazi ni mtihani kwa kila chenye nta. Mafuta na jasho vikitokeza, usiongeze poda juu yake, kwa kuwa utatengeneza udongo. Kunja karatasi laini ya tishu, itenganishe tabaka ili ibaki moja, na uibonyeze usoni bila kusugua. Itanyonya mafuta na kuacha rangi. Baada ya hapo, kama kuna mahali pamefunguka, gonga kidogo kwa kidole kilichopitishwa kwenye kijiti. Hapo ndipo kijiti kinapoishinda chupa, kwani kinakaa kwenye mkoba bila kumwagika na hakihitaji kifaa.

Kwa wanaovaa mtandio, rangi huhamia kitambaani mahali pawili: chini ya kidevu na pembeni mwa mashavu. Ukifuata ulichosoma hapo juu utakuwa umeshaepuka pembeni, kwa hiyo kinachobaki ni kidevu. Kipake kabla ya yote ili kipate muda wa kutulia, kibonyeze kwa tishu, tia poda kidogo sana, ndipo ufunge mtandio. Anayepanda bodaboda na kuvaa kofia ngumu afanye vivyo hivyo kwenye paji na mashavu, au bora zaidi, abebe kijiti mkobani na ajipake akifika.

Suala la udhu naliulizwa sana na wateja wangu wa Kiislamu, na linastahili jibu la wazi. Kitu kinachozuia maji kuifikia ngozi kinapaswa kuondolewa kabla ya kutawadha, na kijiti kina nta, ambayo maji huteleza juu yake. Wengi wao hupanga wakati: hutawadha kabla ya kutoka nyumbani, hujipaka juu ya udhu wao, na ukitenguka hunawa uso kwa sabuni kwanza. Hapa pia wepesi wa mapambo una maana yake, kwa sababu sehemu nne ndogo huondoka kwa dakika moja na hurudishwa kwa mbili.

Pale ngozi yenyewe inapolia

Nataka kusema neno kwa dada na mama ambao wamekuwa wakitumia mkorogo, na nalisema kwa upendo, maana baadhi yao wamekaa kwenye kiti changu wakilia. Mwanamke ambaye uso wake umekuwa mweupe kuliko shingo na vidole hutafuta faundesheni ya kulinganisha, na kila namba humkataa. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na weusi wa kibuluu ambao ni mgumu kuondoka, krimu kali za steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa kuonekana, na zebaki hudhuru figo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017, unalenga pia vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye madini hayo. Ikiwa ndiyo hali yako, muone daktari wa ngozi kabla ya kununua kijiti kingine, na usiache krimu za steroidi ghafla bila ushauri, kwani ngozi inaweza kuwaka. Kwa wakati huo wa mpito, chagua namba ya shingo, si ya uso, na uitumie kwa sponji yenye unyevu ili ifunike kwa wepesi.

Kuondoa na kutunza

Sabuni peke yake haiwezi nta. Usiku paka mafuta ya kusafishia uso kwenye ngozi kavu, usugue taratibu kwa dakika moja hadi rangi iyeyuke, futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha unawe kwa sabuni laini. Mafuta ya nazi huiondoa nta vizuri, lakini mwenye chunusi ayaepuke, kwa sababu huziba vinyweleo kwa watu wengi. Pita pia kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, sehemu ambazo husahaulika na ndiko chunusi ndogondogo huanzia.

Brashi na sponji zioshwe kila wiki kwa sabuni na kuanikwa mahali penye hewa, brashi ikilazwa ili maji yasishuke kwenye gundi ya mpini. Kijiti chenyewe kifutwe juu kwa tishu safi baada ya kila matumizi, na usimwazime mtu, hata dada yako. Kama kimeguswa na uso wa mwingine au na chunusi, kata tabaka jembamba la juu kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Usikiache kwenye gari lililoegeshwa juani wala dirishani. Kikilainika na kuinama, kirudishe ndani ya kibweta, kiweke mahali pa baridi kikiwa kimesimama, na usikitumie hadi kigande.

Geuza kibweta utazame alama ya kopo lililofunguliwa, yenye 12M au 24M: hiyo ni miezi ya matumizi tangu ulipokifungua, kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Harufu ikichacha kama mafuta ya zamani, au yakitokeza matone ya jasho juu yake hata siku ya baridi, kitupe kabla ya tarehe hiyo. Kikikufikisha salama hadi kisizunguke tena, chini ya ukingo wa kibweta bado kumebaki rangi ya wiki kadhaa. Ichimbue kwa kijiko kidogo safi, uiweke kwenye kikopo chenye kifuniko, na uichote kwa brashi ile ndogo ya madoa.